Cheo cha chesi: nomu, ubingwa wa bara, au umasta wa taifa?

KochaWaTanga
Habari za jioni wanajamvi. Namfundisha kijana wa miaka 14, reitingi yake (alama za kiwango cha uchezaji) ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ni 1930 na inapanda. Juzi baba yake kaniuliza, "Mwalimu, huyu atapata lini cheo?" Nikajikuta nazunguka tu. Mjomba wake yuko Marekani, anataka mtoto aende huko likizo apate umasta chapchap. Mwingine anasema asubiri Olimpiadi ya chesi, ile ya timu za mataifa, mwingine anasisitiza nomu, yaani kufikia kiwango cha cheo ndani ya mashindano. Nisaidieni kupima.

Mwamuzi_Kisumu
Kocha, tuanze na vya FIDE. CM (Masta Mtarajiwa) ni reitingi 2200, FM (Masta wa FIDE) ni 2300. Hivyo havina nomu: ukifika umefika, na hata ukishuka kesho cheo ni chako maisha yote. IM (Masta wa Kimataifa) ni 2400 na GM (Grandmasta, cheo cha juu kabisa) ni 2500, na juu yake nomu zenye jumla ya michezo isiyopungua 27.

Nomu ndizo zinazotesa watu. Katika mashindano ya raundi tisa, kiwango ulichokionyesha kifike 2450 kwa IM au 2600 kwa GM, wapinzani watoke nchi mbalimbali, na angalau nusu yao wawe na vyeo. Niliwahi kukaa na kijana mmoja baada ya raundi ya mwisho, kavuka 2450, uso unang'aa. Tukapitia majina ya wapinzani wake. Wenye vyeo walikuwa sita, lakini wawili ni CM, na CM hahesabiwi kwenye nusu ile. Wakabaki wanne, wanatakiwa watano. Aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Hakusema neno.

BintiMajengo
Pole yake jamani. Na hapo ndipo mahali ulipozaliwa panapoamua mengi. Abhimanyu Mishra, aliyevunja rekodi 2021 kwa kuwa GM akiwa na miaka 12 na miezi 4, ni Mmarekani, lakini nomu alizifuata Budapest, akapiga kambi huko miezi kadhaa. Kule kuna mashindano yanayoandaliwa makusudi ili nomu zipatikane. Sisi huku kukutana na GM watatu kwenye mashindano mamoja ni viza, nauli na hoteli ya siku kumi.

Kwa hiyo mimi sioni aibu kupitia mlango wa bara. Kenny Solomon wa Afrika Kusini alipata u-GM kwa kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2014, reitingi yake ikiwa haijafika 2500. Wapo wanaoona cheo cha namna hiyo ni chepesi. Wajaribu kuushinda huo ubingwa, Wamisri wakiwa wamekaa upande wa pili wa ubao!

Mpare_Houston
Salamu kutoka huku. Huo umasta anaousema mjomba upo kweli: shirikisho la hapa linampa mtu cheo cha Masta wa Taifa akifika 2200 kwa reitingi yao ya ndani, bila nomu. Tena reitingi ya ndani mara nyingi huwa juu kuliko ya FIDE kwa mchezaji yuleyule. Ila akirudi Tanga, jina lake kwenye orodha ya FIDE litakuwa halina kitu mbele.

Vyeo vya nchi si jambo geni. Usovieti ilimpa mchezaji wake Botvinnik ugrandmasta wake wa kitaifa 1935, wakati FIDE ilianza kutoa wake 1950 kwa watu 27. Mtoto akija huku, aje kwa sababu ya michezo mingi migumu. Cheo cha hapa kisiwe ndiyo safari.

MamaKete
Msisahau mabinti. Vyeo vya wanawake huanza na W: WCM ni 2000, WFM 2100, kisha WIM 2200 na WGM 2300, hivi viwili na nomu zake. Kuna wanaosema vyeo hivi vinawashusha wanawake, na wanamtaja Judit Polgár wa Hungaria aliyechukua u-GM wenyewe 1991 akiwa na miaka 15. Namheshimu sana. Lakini Phiona Mutesi na Ivy Amoko wa Uganda walipopata WCM kwenye Olimpiadi ya Istanbul 2012, wasichana wangu walianza kuja mazoezini kabla sijafungua mlango. Siwezi kukiita kidogo cheo kilichofanya hivyo.

KochaWaTanga
Asanteni sana. Mwamuzi, hiyo ya Olimpiadi ikoje?

Mwamuzi_Kisumu
Acheze michezo isiyopungua saba, apate nusu ya pointi, ndiyo CM. Ila siku hizi cheo cha moja kwa moja, kinachotokana na matokeo ya mashindano kama hayo au ubingwa wa bara, kina sakafu yake ya reitingi: kwa CM lazima afike 2000, na kwa GM 2300. Kwa hiyo lengo la kijana wako mwaka huu ni zile pointi 70. Mpeleke kila mashindano yenye reitingi utakayoweza, Nairobi, Kampala, Dar, na msikose ya kanda. Na siku atakapofikia nomu, msitoke ukumbini kabla mwamuzi mkuu hajasaini hati yake.

KochaWaTanga
Sawa kaka. Namwandikia baba yake usiku huu. Ya Kampala tutakwenda kwa basi.