Nimechoka na nyie mnaosema ugonjwa wa Monk ndio ulikuwa akili yake

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu na una povu, asiyetaka apite kimya kimya. Na kama hujamaliza kuangalia Monk, ile tamthilia ya Kimarekani ya mpelelezi Adrian Monk, kaa mbali, maana namwaga kila kitu mpaka mwisho wake.

Juzi shemeji yangu kaona kichupa changu cha dawa mezani. Hakuuliza naumwa nini. Kasema, tena kwa huruma kabisa: "Shem, hizo achana nazo, zitakulaza ubongo. Si ulimwona Monk alipomeza zake?"

Nilinyamaza. Nimekaa na hilo donge siku nne, leo nalitema hapa.

Anachoumwa Adrian Monk ndicho ninachoumwa mimi. OCD. Mawazo yanaingia kichwani bila hodi, kisha kuna vitendo unalazimika kuvirudia ili mawazo yatulie, na hayatulii. Mwaka wa tisa huu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba shemeji hakubuni. Hiyo episodi ipo.

Msimu wa tatu, mwaka 2004. Kepteni Stottlemeyer, rafiki yake wa polisi, kapigwa risasi, Monk kavurugwa, mwishowe anakubali kutumia dawa. Mara hofu zote zimeyeyuka, jamaa kawa mtu wa mbwembwe na vicheko. Na palepale, kwenye eneo la uhalifu, kawa zezeta. Haoni kitu. Ushahidi uko mbele ya pua yake, yeye anachekacheka. Anaziacha dawa, na mpelelezi wetu anarudi. Watazamaji tunapumua: afadhali, amerudi kuumwa.

Hebu isome tena hiyo sentensi ya mwisho.

Dawa yenyewe ni ya kubuni, haipo duniani. Waliibuni wakati za kweli zilikuwepo! Marekani iliidhinisha clomipramine kwa ugonjwa huu mwaka 1989, fluvoxamine ikafuata 1994. Monk yuko San Francisco, tamthilia inaanza 2002, ana daktari wake anayemwona kila mara, halafu mnaniambia hakukuwa na kitu cha kumpa ila kidonge cha hadithini kinachogeuza mtu kuwa mlevi? Hizi za kweli hata hazina haraka hiyo. Unameza wiki nane, kumi, kumi na mbili ndipo unaanza kusikia kelele za kichwani zimeshuka kidogo. Zimeshuka tu, hazijaisha. Mimi hakuna mtu mpya aliyezaliwa ndani yangu. Ni yuleyule mwenye gubu, ila sasa analala.

Sasa twende kwenye kiini, na hapa naomba wale wataalamu wa "bila OCD asingekuwa Monk" mtulie msome.

Kazi ya mpelelezi mwishoni kabisa ni kuwa na uhakika. Monk anasimama mbele ya watu, anasimulia mauaji yalivyotokea kuanzia mlangoni mpaka kwenye maiti, hatetereki. Huyo si mgonjwa wa OCD. Huu ni ugonjwa wa mashaka. Tena mashaka juu ya macho yako mwenyewe: nimefunga jiko la gesi, nimeona kwamba nimelifunga, mkono wangu bado uko kwenye kitufe, na bado sijui kama nimelifunga.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walichukua watu wazima wa akili, hawana ugonjwa huu kabisa, wakawapa jiko la gesi la kwenye kompyuta walizime na kulikagua tena na tena. Kumbukumbu zao hazikuharibika, walijibu sawasawa. Kilichoporomoka ni imani yao kwa hizo kumbukumbu. Kadiri walivyokagua ndivyo picha ilivyofifia kichwani na ndivyo walivyozidi kujishuku. Hao ni wazima, kwa kikao kimoja! Sasa fikiria mtu aliyefanya hivyo miaka 9. Mpelelezi mwenye ugonjwa huu kwelikweli angeangalia alama ya kiatu kwenye zulia mara arobaini, na ya arobaini na moja angeapa kwamba pengine aliiota.

Nafanya kazi ya mahesabu. Watu huniambia, "Wewe lazima uko vizuri sana, na huo ugonjwa wako wa kupenda usahihi." Wakuu, kuna ripoti niliwahi kuichelewesha siku tatu. Haikuwa na kosa hata moja. Niliimaliza siku ya kwanza. Siku mbili zilizobaki nilikuwa naufungua ukurasa uleule, najumlisha safu ileile, napata jibu lilelile, naufunga, jasho linanitoka, naufungua. Bosi aliniandikia barua ya onyo. Hicho ndicho kipaji mnachonionea wivu.

Umakini ninao, ndiyo. Nilikuwa nao nikiwa mtoto kabla ya haya yote, na leo niko kwenye dawa ninao. Ugonjwa umeukalia tu kama kupe. Monk vilevile: jamaa ana jicho, ana kumbukumbu, amefunzwa kazi ya polisi. Ila waandishi hawakutaka tuvitenganishe. Wakamleta hadi kaka yake, Ambrose, yule asiyetoka nyumbani miaka na miaka, na yeye mgonjwa na yeye ana akili za ajabu. Eti tuelewe kwamba ni kifurushi kimoja, huuziwi nusu. Monk mwenyewe ana ule msemo wake kwamba hali yake ni kipaji na ni laana. Watu wameudaka upande wa kipaji, laana wamemwachia mwenyewe abebe.

Na cha kuchekesha (mimi sikucheka) ni kwamba tamthilia hiyohiyo inajisuta na haijui. Mnakumbuka ile zawadi?

Trudy, mke wa Monk, anauawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari, 1997. Ndiyo kesi pekee inayomshinda Monk, ndiyo inayomfukuzisha kazi, ndiyo inayomfungia ndani miaka mitatu mpaka nesi Sharona anamtoa. Trudy alikuwa amemwachia zawadi ya Krismasi. Imefungwa na karatasi yake. Monk haifungui. Anaiweka, anaitunza, anaitazama miaka 12. Mwaka 2009, episodi ya mwisho, kalishwa sumu na anaambiwa zimebaki siku chache, ndipo anaifungua. Ndani kuna kanda ya video, na kwenye kanda Trudy mwenyewe anamtaja mtu anayemwogopa, aliyekuja kuwa jaji. Jibu la kesi lilikuwa sebuleni kwake muda wote!

Mpelelezi anayeona uzi mmoja uliochomoza kwenye koti la mtu asiyemjua, kashindwa kufungua boksi la mkewe. Kwa nini? Kwa sababu kulifungua kungeuma, na huu ugonjwa kazi yake ni kukufundisha kukwepa kinachouma. Hapo peke yake ndipo tamthilia nzima iliposema ukweli kuhusu sisi. Ugonjwa haukutatua kesi. Ugonjwa uliificha kesi miaka 12, na muuaji akapanda cheo. Lakini hilo hamlisemi, mnasema "kipaji".

Halafu matibabu. Misimu minane, episodi 125, jamaa anakaa kwenye kiti mbele ya daktari wake wa akili, Dk. Kroger na baadaye Dk. Bell, anaongea, anaongea, anaongea. Njia ya kumsogeza mgonjwa taratibu kwenye kile anachokiogopa na kumzuia asifanye kile kitendo chake cha kujituliza, Victor Meyer aliiandika London tangu 1966. Nimepita humo. Nilishika kitasa cha mlango wa choo cha umma nikakaa saa nzima bila kunawa huku nalia kama mtoto. Si burudani nzuri, najua. Ila ndiyo iliyonirudisha mezani kula na wenzangu. Monk yeye akishika kitasa, msaidizi wake Natalie keshamnyooshea kitambaa cha kujifutia. Kila mara. Sisi tunacheka. Kila kitambaa anachompa kinaishibisha hofu yake. Mama yangu alinifanyia hivyohivyo kwa mapenzi yote, alikuwa ananihakikishia kila usiku kwamba mlango umefungwa, hadi daktari alipomwomba aache. Ilimuuma kuliko mimi.

Na msidhani ni Monk tu. Tamthilia ya Homeland, msimu wa tano, 2015: Carrie Mathison, jasusi wa zamani wa CIA, yuko Berlin, ana bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), anaacha dawa zake MAKUSUDI ili akili ichemke ajue nani anataka kumuua. Sitaki hata kuanza na hiyo, nitavunja simu.

Najua mtakuja na "mkuu, ni burudani tu, tulia". Sawa. Tony Shalhoub, aliyemwigiza Monk, ni fundi, zile tuzo tatu za Emmy alistahili, na nimemwangalia Monk kuliko wengi wenu humu. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona kwenye skrini anayegusa nguzo za barabarani kama mimi. Ndiyo maana naumia. Mwaka juzi niliacha dawa wiki tano. Sikuambiwa na daktari wala na shemeji, niliambiwa na ile episodi ya 2004 iliyokuwa imelala kichwani mwangu muda wote huo: utakuwa zezeta, utapoteza jicho lako. Wiki ya tano nilikuwa siwezi kutoka chumbani kabla sijahesabu.

Kwa hiyo nawauliza, na nataka majibu, si vikaragosi vya kucheka. Nitajieni tamthilia MOJA ambayo mpelelezi anameza dawa zake vizuri, anaenda kliniki tarehe yake, na bado anamkamata muuaji. Moja tu. Nipo hapa nasubiri.