Kupanda Longonot tukitokea Malindi, siku moja yatosha?

BintNgomeni
Assalam aleikum wadau. Sisi tuko Malindi, kikundi cha mabinamu na marafiki, pamoja na khalati yangu ambaye amekazana yuaja lazima ingawa goti lamsumbua. Twataka Agosti shule zikifungwa tukapande Mlima Longonot. Plani yetu ni tupande treni ya usiku Mombasa, tuingie Nairobi alfajiri, tudandie matatu moja kwa moja mpaka Longonot, tupande tushuke, jioni turudi Nairobi tushike treni ya usiku tena. Yaani hamna hoteli, bajeti mwaijua jamani.

Maswali sasa. Hii yawezekana ama twajidanganya? Juu kuna maji ya kununua? Na sisi wa mabuibui twapanda vipi? Halafu kuna mtu alienda akamwambia nyanya ati ile ni volkano imelala tu haijafa, basi nyanya kashika hapo hapo, mjukuu wake wa miaka kumi haendi. Mlima tuliozoea sisi ni yale matuta ya mchanga ya Mambrui, msitucheke.

Bin Sabaki
Waaleikum salaam dadangu. Yawezekana lakini mimi singefanya hivyo hata kwa kulipwa. Hebu fikiria, usiku kucha umekaa kwenye kiti cha treni shingo imepinda, wafika Syokimau bado giza, hapo mpaka Longonot ni kama kilomita 90 na kitu na foleni ya Nairobi uivuke, halafu ndo uanze kupanda. Na nyinyi mwatoka usawa wa bahari, Malindi hamna hata kilima cha kuchoshea mbuzi. Pale getini peke yake ushapita mita 2,100, kilele ni mita 2,776, pumzi yenyewe itakwambia. Tafuteni treni ya asubuhi, mkalale Naivasha mjini vyumba vya kawaida tu si ghali, mfike getini saa kumi na mbili likifunguliwa. Hapo ndo mtasema mumeenda mlimani.

Na tiketi za treni msingoje, Agosti watu wote wasafiri, kateni mapema kwa simu, *639#.

Mkishuka Nairobi pitieni barabara ya chini, ya Mai Mahiu. Pale chini ya mteremko kuna kakanisa kadogo kalijengwa na wafungwa wa vita Wataliano mwaka 1942, wao ndo walikuwa wajenga ile barabara. Kumbe Wataliano hawakuanzia kwetu pwani na mahoteli 😂

Mkazi_Naivasha
Karibuni sana watu wa pwani. Mimi nakaa huku kwa hivyo niwaambie vile mambo yako. Kutoka getini mpaka ukingo wa shimo la volkano ni kilomita tatu na kidogo, hapo ni mwendo wa saa moja hadi saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, ukiongeza na kurudi chini inakuwa 13 na zaidi. Wengi wanamaliza kwa saa tano, sita hivi. Sasa watu wanadhani wakifika kwenye ukingo wamemaliza, wapi, kilele kiko upande wa pili na njia yake inapanda na kushuka, kuna mahali unashika mawe kwa mikono.

Kitu hakisemwi sana ni vumbi. Ule mlima ni jivu la volkano, njia imechimbika na mvua ikawa kama mfereji unaokuzidi kimo, na ndani yake jivu limejaa mpaka kifundo cha mguu. Mtu wa mbele yako akikanyaga linakuja usoni lote, kwa hivyo mkae mbali mbali, na leso ya kufunga pua ni muhimu kuliko hata kofia. Wakati wa kushuka ndio linateleza zaidi. Raba zenye meno, tafadhali, makubadhi na ndara muache Malindi.

Maji hakuna juu, hakuna duka, kivuli ni kidogo sana. Kila mtu abebe kama lita tatu. Lakini zile chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, mtanyang'anywa getini, bebeni chupa za kujaza. Malipo ni eCitizen tu, ile tovuti ya serikali, pesa taslimu hawashiki, lipeni mkiwa bado na mtandao mzuri. Vitambulisho msisahau, bila hicho utaambiwa lipa bei ya mgeni. Kutoka lami mpaka getini kuna boda boda.

Kuhusu nyanya, mwambie volkano hiyo inakadiriwa ililipuka mwisho miaka ya 1860. Ndani ya shimo sasa ni msitu mzima, ukiwa juu unaona miti imejaa chini huko kama sufuria ya sukuma wiki. Mvuke unatoka sehemu chache tu. Cha kuogopa ni nyati, kwa hivyo msiache njia, msikate kona, na huyo mtoto asiende mbele peke yake.

kaka_wa_Watamu
Mbona muende mbali hivyo na mbuga ya Tsavo West iko hapa? Kuna Shetani, lile jiwe jeusi la lava la kilomita nane, na kuna Chaimu, kilima cha volkano ambacho mwakipanda kwa miguu mpaka kwenye shimo lake. Na Mzima Springs mwaona viboko, yale maji yachuja kutoka milima ya Chyulu kupitia mawe ya volkano, ndiyo hayo Mombasa wanakunywa. Longonot kila mtu kaenda.

Bin Sabaki
@kaka_wa_Watamu sikatai pazuri lakini kwa hesabu ya huyu dada haingii. Tsavo bila gari lako huendi popote, ni simba kule si swala. Ukikata njia ya geti la Sala wapita ndani ya Tsavo East, hapo ushalipa mbuga moja kabla hujafika ya pili, la sivyo uzunguke Mombasa kisha Mtito Andei. Na Chaimu ni mpando mfupi, mwafika juu mwapiga picha basi, si safari ya siku nzima. Hiyo wekeni mwaka ujao mukikodi gari.

Mama Nuru
Mwanangu suala la buibui lisikutie hofu. Mimi nilivaa trakisuti chini, dera pana juu, nikalikunja nikalifunga kiunoni kwenye njia ya vumbi. Mtandio wa pamba uwe mkubwa, usivae wa kuteleza utakusumbua na upepo, maana pale ukingoni upepo wasukuma mtu hasa. Sweta beba, asubuhi Agosti Naivasha baridi yauma mpaka vidole, kisha saa nne jua lakuchoma. Udhu chukueni chini kabisa, na adhuhuri ikiwakuta juu kibla ni kaskazini tu kama nyumbani, tafuteni pahala pa sawa mbali na ukingo.

Huyo khalati yako mpende lakini msimdanganye. Kupanda goti huvumilia, kushuka ndo shida. Afike ukingoni, pale kuna pahala pa kukaa na Ziwa Naivasha laonekana lote, akae na mtu mmoja wale mahamri na tende, nyinyi wenye miguu mzunguke. Fimbo anunue pale getini. Kama hata hiyo nyingi, mbuga ya Hell's Gate iko jirani, ni tambarare na baiskeli zakodishwa, lakini kule korongoni msiingie kukiwa na dalili ya mvua hata huko mbali, 2019 maji yalisomba watu.

BintNgomeni
Allah awabariki nyote. Nimemsomea khalati maneno ya Mama Nuru akanuna kidogo, akasema ataamua akifika huko huko 😅 Tumebadilisha, tunalala Naivasha usiku mmoja, mabinamu wamelalamika pesa lakini nimewaambia anayetaka treni mbili mfululizo aende peke yake. Swali la mwisho, kuna haja ya kuchukua mtu wa kutuongoza njia?

Mkazi_Naivasha
Si lazima, njia iko wazi huwezi kupotea. Lakini kwa sababu mna mtoto na mama mwenye goti, chukueni mmoja pale getini na muelewane bei kabla ya kuanza. Yule atakayebaki na mama ndio awe huyo mwongozaji, nyinyi njia mtaiona.