Muziki chini ya anga: Ngome Kongwe, Jinja, Kirstenbosch au Red Rocks?

Mwalimu_wa_Kwaya (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama watoto tumedunduliza akiba ya safari moja, tumekubaliana iwe ya muziki. Ukumbi wa kiyoyozi hatuutaki, huo tunaupata Dar. Tunatafuta mahali pa wazi ambapo hata bendi ikichelewa saa nzima huna kinyongo, kwa sababu macho yana cha kutazama. Nimechambua weee, zimebaki nne: Ngome Kongwe pale Unguja, Jinja kwenye mto Nile, Kirstenbosch ya Cape Town, na Red Rocks ya Colorado, Marekani. Hiyo ya mwisho ni ndoto, lakini ndoto nayo huwekewa akiba.

Nafundisha kwaya, kwa hiyo sauti kwangu ndiyo kila kitu. Sitaki mahali pazuri pa kupigia picha halafu muziki wote unachukuliwa na upepo. Mliofika, nipeni ukweli.

Kibaraza_cha_Shangani (Unguja)

Mwalimu, karibu sana. Mie nimekulia hatua chache kutoka Ngome Kongwe, kwa hiyo nitaisema kwa mapenzi, lakini sitakudanganya.

Ngome ile walianza kuijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoshwa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na ndani kuna ua mkubwa. Pembeni kuna ukumbi wa ngazi wa mduara, huo ni wa miaka ya 1990. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianzia hapo mwaka 2004 na limekuwa la kila Februari, isipokuwa 2016 fedha zilipokosekana. Wana sharti moja nalipenda mno: msanii apige na aimbe laivu, hakuna kupanda jukwaani kufungua mdomo juu ya sidii. Kwa mtu wa kwaya kama wewe hilo si dogo.

Nilimwona Bi Kidude, yule mwimbaji wetu mkongwe wa taarab, pale kabla hajatutoka Aprili 2013. Kajifunga ngoma ya msondo kiunoni kwa kanga, miguu kaitanua, anapiga kwa viganja. Nilikuwa nimeegemea ukuta, na kila pigo nililisikia mgongoni kabla ya masikioni. Jiwe lenyewe lilikuwa bado na joto la mchana. Usiku mwingine mafundi walizima spika adhana ya isha ilipoanza, watu mamia wametulia kimya uani mpaka ikamalizika, kisha ngoma ikaendelea. Kimya kile nakikumbuka kuliko nyimbo nyingi nilizozisikia usiku ule.

Bandari_Kilindini (Mombasa)

Nimefika Ngome Kongwe mara mbili na ninaipenda, lakini tuseme kweli: mandhari iko wapi? Ukiwa ndani huioni bahari hata kidogo. Unaona kuta, minara na anga basi. Mwalimu amesema macho yawe na cha kutazama. Halafu Februari joto la Unguja, na umati umebanana uani, si mchezo. Mke wangu ilibidi tumtoe nje apate hewa.

Kibaraza_cha_Shangani (Unguja)

Kaka, umesema kweli, bahari huioni. Lakini toka mlangoni, vuka barabara, uko Forodhani, kaskazi inakupiga usoni na mishikaki inafuka moshi. Watu wanaingia na kutoka usiku kucha. Na jumba la Beit al-Ajaib liko papo hapo jirani, ingawa tangu Desemba 2020 lilipoporomoka upande mmoja, kulitazama kunanitia huzuni. Kuhusu joto na kubanana sina la kukupinga. Shemeji akija tena apande ngazi za juu za ule ukumbi wa mduara, upepo unafika.

Mpita_Mabira (Kampala)

Nizungumzie Jinja. Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi, unapita msitu wa Mabira. Tamasha lenyewe, Nyege Nyege, lilianza 2015. Najua jina hilo kwa Kiswahili halitamkiki mbele ya wakwe. Kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika usiweze kuizuia.

Kwa macho, hapana shaka. Umelala hemani, unaamka unatoka, Nile inapita mbele yako na ukungu juu ya maji. Mwaka 2022 walihamia Itanda, kwenye maporomoko, na pale mto unanguruma hasa. Kitu ambacho Watanzania wengi hawakijui: singeli yenu, ule muziki wa kasi wa Dar, ilipata masikio ya Ulaya kupitia hawa hawa. Lebo yao ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mwaka 2017 mkusanyo wa muziki wa studio ya Sisso ya Mburahati. Nimewaona vijana wa Dar wakipigwa makofi kando ya Nile na watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili.

Ila kwa masharti yako, Mwalimu, sikushauri. Majukwaa ni kadhaa na yanapiga kwa pamoja, ukisimama katikati unasikia nyimbo tatu. Besi ni nzito, na siku nne hakuna usingizi. Mvua nayo: kampuni moja ilitukodisha hema lililopasuka mshono, tukaamka godoro linaelea, na hakuna aliyepokea simu. Njoo na hema lako.

Nesi_wa_Milimani (Denver)

Shikamooni wakubwa. Red Rocks iko karibu na ninapoishi, nimekwenda zaidi ya mara kumi. Ilifunguliwa Juni 15, 1941. Miamba miwili myekundu, Ship Rock na Creation Rock, yote inakaribia au kupita mita 90, imesimama ubavuni huku na huku. Katikati wamepanga safu 70 za viti zinazoshuka mpaka jukwaani, watu kama 9,500. Jua likizama, miamba inageuka kutoka wekundu wa tofali kuwa kama makaa yanayozimika, na nyuma ya jukwaa, mbali kule chini, taa za Denver zinaanza kuwaka moja moja. Nimeshindwa kuzoea.

Kuhusu sauti nikupe kisa. Siku isiyo na onyesho unaingia bure. Mama mkwe alipokuja kututembelea nilimpeleka asubuhi. Yeye ni muumini wa kwaya tangu ujana. Akasimama chini karibu na jukwaa, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, bila kipaza sauti, sauti ya kawaida tu ya jikoni. Mimi nilikuwa safu ya juu kabisa na mtoto mgongoni. Nilisikia kila neno, hadi pale alipovuta pumzi. Ile miamba inaishika sauti na kuirudisha kwako, haiiachii ikapotea.

Sasa machungu. Ni mita 1,966 juu ya bahari, juu kuliko Mbeya mjini, na ngazi ni nyingi. Mtu wa pwani atahema. Alasiri za kiangazi radi huja ghafla. Juni 2023 mvua ya mawe iliwakuta watu wakisubiri onyesho, wengi wakaumia, wengine wakapelekwa hospitali. Na kabla ya yote hayo kuna viza na nauli, ambavyo tiketi ya muziki haioni ndani.

Mgeni_wa_Kaapstad

Kirstenbosch kwa kifupi: ni bustani ya mimea ya mwaka 1913, chini ya Mlima wa Meza. Maonyesho ni Jumapili jioni, kuanzia mwisho wa Novemba hadi karibu Aprili. Unakuja na mkeka na kapu la chakula, unakaa kwenye nyasi za mteremko, watoto wanakimbia. Jua linajificha mapema nyuma ya mlima, na hapo baridi inashuka, beba sweta hata kama mchana ulitoka jasho. Ni mahali pa amani sana, saa tatu usiku mko kitandani. Mtanzania haombi viza Afrika Kusini kwa ziara fupi, na Mkenya naye tangu 2023. Sauti ni safi lakini haikutikisi.

Jiwe_la_Lava

Naomba na sisi wa Goma, mashariki ya Kongo, tutajwe. Festival Amani ilianza 2014, kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Ziwa Kivu liko pale, na usiku mawingu juu ya Nyiragongo yalikuwa mekundu kwa moto wa volkano. Ardhi tuliyochezea ni ya mji uliojengwa juu ya lava. Vijana wa Goma, Bukavu, Gisenyi, tulikuwa pamoja, tunaimba lugha zote. Sasa niko Nairobi na sikushauri uende leo, Mwalimu, hali unaijua. Lakini orodha ya mahali pazuri pa muziki ikipita bila Goma, moyo wangu unakataa.

Mwalimu_wa_Kwaya (Morogoro)

Jiwe la Lava, nimeiandika ya tano kwenye daftari, na haifutiki.

Nimemsomea mama watoto majibu yote. Kwenye kisa cha mama mkwe wa Denver alinyamaza, akaniambia nirudie. Red Rocks tumeiwekea miaka mitano. Februari tunakwenda Unguja, boti ya asubuhi kutoka Dar, tukae siku nne. Kibaraza, nielekeze: huo ukuta uliouegemea ukimsikiliza Bi Kidude ni upi?

Kibaraza_cha_Shangani (Unguja)

Thibitisha kwanza kwamba mwaka huo jukwaa liko Ngome Kongwe ndipo ununue tiketi, na kitambulisho cha Mtanzania usikisahau, bei yenu ni nafuu kuliko ya mgeni. Mfike kabla ya magharibi. Shemeji achukue kikoi cha kukalia, ngazi ni jiwe tupu. Ukuta nitakuonesha mwenyewe, niandikie mkishuka bandarini.