Naomba ushauri: kupima kwa kamera ya simu mwendo wa goti wakati wa kutua

Habari zenu wanajamvi. Ninaandaa utafiti mdogo kuhusu namna wachezaji wasichana wanavyotua baada ya kuruka, kwa lengo la kuwatambua mapema walio katika hatari ya kukatika ligamenti ya msalaba ya mbele, yaani ukanda mgumu ndani ya goti unaofunga mfupa wa paja na wa muundi. Majeraha mengi ya aina hii hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu: mguu unakanyaga chini goti likiwa karibu limenyooka, kisha goti linalalia ndani, na ligamenti inazidiwa katika milisekunde 50 hivi za mwanzo.

Sina bamba la kupimia nguvu ya mguu ardhini wala mfumo wa kamera nyingi. Nina simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 4 hivi, na kwa upande wa kasi naona inatosha. Kinachonitia wasiwasi ni pembe. Nikirekodi kwa mbele, paja lililozunguka kwa ndani huku goti likiwa limekunjwa linaweza kuonekana kama goti lililolala, na kamera moja haitofautishi mambo hayo mawili.

Je, wenye uzoefu mnanishauri niongeze simu ya pili ubavuni na kuzioanisha, au nibaki na ya mbele na kutoa alama za jumla tu? Na vialama vya ngozini, vya kufuatilia mwendo kwenye video, nivibandike wapi ili visisogezwe sana na misuli ya paja? Ningeshukuru pia kuelekezwa namna ya kupima uthabiti wa vipimo kabla ya kuanza, kwa kuwa sitaki kumwambia binti yeyote kwamba yuko hatarini kwa kipimo nisichokiamini.