Wauza mashine za boti, mbona masaa 10 ya kwanza hamyasemi mpaka injini ife?

Wakuu, mnisamehe lugha, leo nimevurugwa.

Miaka minne nimevulia mashine ya kukodi, nusu ya samaki inaishia kwa mwenye mashine. Kusi hii nikavunja kibubu, nikauza na kiwanja, nikaenda Dar kununua HP 40 mpya, tu-stroki, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli. Dukani (silitaji, msije inboksi) nikamuuliza kijana wa kaunta: hii naianzaje? Akasema, "Mzee wangu, hicho chuma. Lita 25 tia nusu lita ya oili, piga kamba, fungua." Kitabu kimo kwenye nailoni chini ya boksi, Kiingereza kitupu.

Tukaifunga Kilindoni, huku Mafia. Bamvua, maji yanavuta, nahodha kafungua mpaka mwisho siku ile ile ya kwanza. Safari ya tatu, tunarudi, mashine ikalia kama bati linalokwaruzwa, kimya. Kamba haivutiki. Tukatweka turubai, masaa matano baharini, barafu yote maji, nguru wameanza kulegea. Fundi alipofungua: pistoni ya juu imechanika ubavuni, ringi imeganda humo humo.

Nikaivusha mpaka Nyamisati, bara, nikaipakia kwenye lori hadi dukani. Kijana yule yule akatoa kitabu kile kile, akaweka kidole: "Hukuizoesha. Waranti hakuna."

Kumbe masaa 10 ya kwanza ni lita 25 kwa lita NZIMA ya oili! Mara mbili ya alivyoniambia! Saa ya kwanza usifungue moto kupita nusu, ya pili robo tatu, na masaa nane yanayobaki usikae umefungua mwisho zaidi ya dakika tano. Fundi alinieleza vizuri kuliko duka zima: mashine hizi hazina oili ya chini kama gari, zinalainishwa na ile ile iliyomo kwenye petroli, na ringi mpya bado hazijakaana na silinda, kwa hiyo zinachemka upesi. Nusu lita ni kipimo cha mashine iliyokwisha kuzoea.

Najua mtasema ningemtafuta mtoto wa sekondari anisomee. Kweli, hilo langu. Na nahodha wangu mkono mzito, tumeshagombana. Lakini nilimuuliza muuzaji kwa mdomo wangu, akanijibu kwa mdomo wake! Kumbe kitabu anakijua, ila siku ya kuhesabu hela hakukumbuka kukifungua?

Kuna mtu humu aliwahi kudai kesi kama hii akalipwa? Risiti ninayo, ila maneno yale hayakuandikwa popote. Na mlioko Mafia, Kilwa au Dar, nielekezeni anayechonga silinda na kuweka pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya mwanzo) bila kunikamua. Vijana wangu watano wako ufukweni wanashona nyavu, wiki ya pili sasa.