Mabingwa wa moyo Nairobi, jazeni hiyo ripoti! Tumechoka kupiga ramli

Wadau, leo natoa ya moyoni, na wa kununa anune. Mimi ni nesi wa kathlabu, chumba cha kupima na kuzibua mishipa ya moyo, katika hospitali ya kibinafsi hapa Nairobi, jina siitaji.

Tuna mfumo wa kompyuta wa kuandikia ripoti. Una visanduku: ni mshipa upi, umeziba asilimia ngapi, uliingilia mkononi au kwenye kinena, stenti (kile kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa ubaki wazi) ina upana na urefu gani, dawa ya rangi ya kuonyesha mishipa kwenye eksrei mililita ngapi, mionzi kiasi gani. Mabingwa wetu wameukataa. Si kwa barua, la. Wanaruka visanduku vyote, wanashuka hadi "maelezo mengine" na kubandika aya ileile ya mgonjwa wa juzi: "Stenti imewekwa kwenye LAD, matokeo mazuri." LAD ni mshipa mkubwa wa mbele ya moyo. Basi, mgonjwa aende nyumbani!

Juzi usiku akaletwa mzee kutoka Machakos, kifua kinambana, stenti aliwekewa hospitali nyingine. Ripoti yake: "Stenti mbili, matokeo mazuri." Mshipa gani? Upana gani? Hakuna. Ile kadi ya stenti ambayo mgonjwa hupewa atembee nayo, familia haijawahi kuiona. Clopidogrel, dawa ya kuzuia damu kuganda, alikuwa ameacha, eti aliambiwa muda umeisha. Muda upi? Aliyewekewa stenti kwa shambulio la moyo kwa kawaida humeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi 12, na wa maumivu ya kifua yaliyo tulivu, yasiyo ya shambulio, miezi 6. Ripoti haikusema yeye alikuwa yupi. Daktari wetu akaitukana ile karatasi, matusi ya Kiingereza safi. Asubuhi yake, ripoti ya huyohuyo mzee akaiandika kwa mistari miwili.

Ukiwauliza: "Mimi si karani." Daktari, nani kakuita karani? Vyama vya Marekani vya madaktari wa moyo, ACC, AHA na SCAI, vilitoa tamko kuhusu jambo hili tangu 2014: taarifa zikusanywe na timu nzima kazi ikiendelea, ripoti ijengwe kutokana nazo, wewe uikague na kusaini. Sisi tunaingiza yetu. Asilimia ya kuziba na uamuzi wa kuweka stenti ni vyako, nitavitoa wapi?

Wengine husema mgonjwa hatoshi kwenye visanduku. Hapo wana hoja, mshipa ulioziba penye njia panda unahitaji maneno. Andika maneno basi, lakini baada ya visanduku. Na ndiyo, mfumo wetu una kasoro, swali la mzio linaulizwa mara mbili. Ila siku ya kuuchagua tulikuja manesi, watu wa eksrei na muuzaji. Viti vya mabingwa vilikaa vitupu.

Nawaambia ninavyoona mimi: wanaogopa hesabu. Visanduku vikijaa, itaonekana nani anamwaga dawa ya rangi kwa wagonjwa wenye figo mbovu, na nani alipita zile dakika 90 za kumfungulia mshipa mwenye shambulio tangu afike mlangoni. Aya nzuri haihesabiki. Kuna hofu ya haki pia: anayepokea wagonjwa mahututi ataonekana mbaya kwenye jedwali. Lakini CathPCI, sajili ya Marekani ya kazi za kathlabu, hupima matokeo kwa kuzingatia hali aliyokuja nayo mgonjwa, kwa hiyo dawa ipo.

Kwa sasa ninayejaza ni mimi, saa nane usiku, nasoma upana wa stenti kwenye boksi nililookota pipani. Yeye anasaini bila kusoma.

Uongozi useme ripoti isiyokamilika hailipiwi ada ya daktari. Visanduku vitajaa kabla mgonjwa hajashuka mezani! Kama kuna kathlabu nchini iliyofaulu kuwabana, semeni mlifanyaje. Na nyinyi wa "sista andika tu, nitasaini", msinifuate faraghani. Jibuni hapahapa.