Naomba ushauri: sensa ya presha ya ekzosi, F-250 dizeli 6.0

Wakuu, naomba msaada. Gari ni Ford F-250 ya 2005, injini ya dizeli 6.0 Power Stroke, ipo Houston. Turbo inachelewa kuitikia, moshi mweusi unatoka ukikanyaga mafuta, na mashine ya kupima inatoa msimbo P0471, yaani usomaji wa sensa ya presha ya ekzosi hauko sawa. Ukichomoa plagi ya sensa ya presha ya ekzosi gari linachangamka, kwa sababu kompyuta inaacha kuisikiliza na kuongoza turbo kwa makadirio yake yenyewe.

Sensa imefunguliwa kwa spana namba 27. Kijibomba kinachotoka kwenye manifoldi kilikuwa kimeziba kabisa, masizi magumu kama lami iliyokauka. Kimelowekwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kikachokonolewa kwa waya, kikapulizwa kwa kompresa hadi hewa ikatokea upande wa pili. Tundu la sensa limepigwa spirei tu. Ukichokonoa humo unaiua.

Sasa shida. Switchi ikiwashwa bila kupiga injini, sensa zote tatu (hewa ya nje, presha ya turbo na ekzosi) zinapaswa kukaribiana, kama psi 14.7 kwa huku chini usawa wa bahari. Mbili ziko 14.6. Ya ekzosi inasoma 18, hata ikining'inizwa nje ya kijibomba! Hapo masizi hayahusiki tena.

Ninunue sensa mpya moja kwa moja? Volti 5 zinafika, ila ethi (waya wa hasi wa sensa) siiamini, na ethi mbovu hupandisha usomaji hivihivi. Mnaipimaje bila kutoboa waya? Na sensa zisizo za orijino zinadumu kweli?